Kinachomfelisha mtu mzima darasani ni macho ya watu

Nafundisha hesabu, na kemia kidogo pale mwalimu wake asipotokea, kwenye darasa la jioni la watu wazima hapa Morogoro. Ni wale tunaowaita QT, mtu aliishia la saba au alikatisha sekondari njiani kwa ada, mimba, msiba, chochote kile, alafu ukubwani anataka cheti cha form four. Anaanza na mtihani wa maarifa, ndo hiyo QT yenyewe, Qualifying Test, unaobeba mambo ya form one na form two, akivuka anasoma ya form three na four, Novemba anakaa pepa ile ile ya watoto wa shule, tofauti namba yake inaanza na P wao inaanza na S. Sasa kila nikitaja kazi yangu mtu atauliza lile lile, eti watu wazima si kichwa kimeshakomaa, wanaelewa kweli? Wanaelewa vizuri tu. Miaka yote hii sijaona mtu aliyeacha darasa langu kwa sababu hesabu zenyewe zimemshinda, wanaacha kwa sababu ya vitu ambavyo haviko kwenye silabasi, na ndo hivyo nataka kuviandika maana naona vituo vinafunguliwa kila mtaa na watu wanadhani ukishakuwa na ubao, chaki na mwalimu mwenye digrii basi umemaliza.

Kwanza mjue wanaokaa pale ni akina nani. Saa kumi na moja jioni anaingia mlinzi ambaye akitoka darasani anapitiliza lindo, unifomu iko kwenye begi. Mama ntilie wa upande wa Msamvu, vijana wa bodaboda, dada wa salon, fundi umeme ambaye kila kazi kubwa anaambiwa lete cheti, mhudumu wa zahanati anayetaka kwenda kusomea uuguzi. Umri kuanzia ishirini na kitu mpaka hamsini na ushee. Mimi nina thelathini na kidogo, kwa hiyo kipindi changu kinaanza na shikamoo za mstari wa mbele, marahaba mwanangu, marahaba mwalimu, ndo niandike mada ubaoni.

Kuna mama mmoja anauza chai na chapati asubuhi, mchana wali, na ni mweka hazina wa kikoba cha mtaani kwao. Siku tunafanya asilimia alikuja ubaoni, swali lenyewe jepesi, shilingi 80,000 ikiongezeka kwa asilimia 10 inakuwa ngapi. Akasimama. Chaki anaizungusha vidoleni. Akaandika 80,000 vizuri na koma yake, akaweka alama ya kuzidisha, akaifuta kwa kiganja, akaiandika tena, akaifuta. Shingo ikaanza kutoa jasho na wala siku hiyo hakukuwa na joto. Nyuma vijana wawili walikuwa wananong'ona, pengine hata hawamsemi yeye, lakini akageuka akawaangalia, na alipogeuka tena kwenye ubao nikaona kabisa ameshaondoka pale, mwili tu ndo umebaki. Akaniambia mwalimu hii imenipita, akaenda kukaa.

Baada ya kipindi tunafunga madirisha nikamuuliza, mama, hivi kwenye kikoba mtu akikopa elfu themanini anarudisha ngapi? Hakusubiri hata nimalize. "Themanini na nane, akivusha mwezi faini elfu mbili, na kama hisa zake ndogo hiyo themanini yenyewe hatumpi, kwani we unataka kukopa?" Nikamwambia mama, ndo swali la ubaoni hilo hilo. Akacheka, akanipiga begani, "Aa we mwalimu, lile la ubaoni la shule."

Na hili siyo la huyu mama peke yake. Kuna utafiti ulitoka 1985, wa Recife kule Brazil, watafiti walienda kwa watoto wanaochuuza nazi na matunda barabarani wakajifanya wateja, nipe nazi kadhaa, shilingi ngapi, chenji yangu ngapi, wale watoto wakapatia karibu zote, asilimia 98. Baadaye wakawapa namba zile zile kwenye karatasi kama hesabu za shule, wakapatia asilimia 37 tu. Watoto wale wale, hesabu zile zile. Wenyewe walieleza kwamba barabarani mtu ana njia yake ya kukokotoa na shule inampa njia nyingine, na ni kweli, ila mimi niliyesimama hatua mbili kutoka kwa yule mama najua njia yake ilikuwepo pale pale kichwani, hakuifikia tu kwa sababu kichwa kilikuwa na kazi nyingine, kazi ya kujiangalia mwenyewe anavyoonekana kwa nyuma.

Watu wa saikolojia wana kitu wanakiita kumbukumbu ya kazi, ni ile sehemu ya akili inayoshika vitu vichache kwa muda mfupi wakati unavitumia, mfano unazidisha 47 kwa 6 kichwani, inabidi ile 42 uishike mahali huku unatafuta 240 ili uje uziunganishe. Nafasi yenyewe ndogo sana, hata kwa profesa. Sasa Wamarekani wawili, Ashcraft na Kirk, mwaka 2001 waliwapima watu wenye wasiwasi wa hesabu wakakuta ule wasiwasi unakula nafasi hiyo hiyo, na inaonekana zaidi kwenye hesabu za kubeba, zile ambazo lazima ushike kitu kichwani. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa anaijua hesabu kabisa, nafasi ya kuifanyia ndo haipo, imejaa "wananionaje hawa".

Ndo maana huwa nabisha nikisikia watu wazima wanaogopa hesabu. Mpe huyo huyo swali lile lile aende nalo nyumbani kesho anakuletea limekamilika. Anachokimbia ni kuonekana. Na mtu mzima ana vingi vya kupoteza, mtoto akikosea ni mtoto tu anakosea kila siku, lakini huyu mtaani anaitwa kusuluhisha ndoa za watu, kwenye msiba ndo anashika daftari la michango, ana mkwe, alafu jioni anasimama mbele ya kijana aliyempakia kwenye bodaboda asubuhi na robo tatu kujumlisha nusu haitoki. Mimi ningekuwa yeye ningeugua kichwa siku hiyo hiyo nikaenda nyumbani, na ndo wanachofanya, wengi huwa wanaaga kwa kuumwa kichwa.

Tangu hapo kwangu hakuna kwenda ubaoni. Nakata karatasi ndogo ndogo, kila mtu anafanya swali anaandika jibu na njia, hakuna jina, nakusanya nachanganya, alafu naandika ubaoni majibu mawili matatu yaliyopotea bila kusema ya nani, darasa zima linatafuta yamepinda wapi. Mwanzo kimya. Ila baada ya muda kitu cha ajabu kinatokea, mtu mwenyewe anasema "hiyo yangu mwalimu, hapo nilisahau kugeuza sehemu ya pili", anacheka, na wengine wanasema na mimi, na mimi. Yaani wakiwa na uhuru wa kujificha ndo wanaacha kujificha wenyewe. Hili sikulisoma mahali, nimeliona, na limekuwa likijirudia kwa kila kundi jipya.

Alafu kuna ya zamani mtu anayokuja nayo. Yule mlinzi ninayemsema, mzee mtaratibu, sauti ya chini, siku nimeshika rula ndefu ya mbao nichore mhimili wa grafu nikapita karibu na dawati lake, akavuta mkono chini ya meza. Haraka hivi, kama ameungua. Mwenyewe akajiona, akanitazama, tukanyamaza wote. Wiki hiyo hiyo akiwa amewahi kufika kabla ya wenzake akanisimulia bila mimi kuuliza, darasa la nne, mwalimu wao wa hesabu alikuwa anauliza tebo ya saba, ukikosa unageuza vidole juu rula inapigwa kwa ubavu kwenye kucha. "Mwanangu, mpaka leo saba mara nane siijui. Yaani naijua, hamsini na sita, lakini nikiulizwa naisikia rula kwanza." Mzee wa miaka hamsini na kitu huyo, ana wajukuu, analinda mali za watu usiku na rungu mkononi. Siku hizi grafu nachora kwa ubavu wa daftari la mahudhurio, mistari inapinda kidogo, watanisamehe.

Sisi tuliosoma shule za msingi hizi tunajua, fimbo ilikuwa kitu cha kawaida na watu wazima wengi wanaitetea mpaka leo, eti ndo iliyotufikisha. Sawa, iliyowafikisha ni nyie mliofika. Waliokimbia ndo ninaokaa nao mimi jioni, na kitu cha kwanza mtu anachoniambia akija kujiandikisha siyo jina, ni "mwalimu mimi ni kilaza, nakwambia mapema". Anajitukana kabla hujamtukana, ili likitokea lisimuume. Huwa sijibu. Nikianza kubishana naye, hapana mama we una akili sana, tunakuwa tumekubaliana kwamba mada ya siku ni akili yake. Nampa fomu ajaze.

La heshima ya umri ndo gumu zaidi kuliko yote na sijaona kitabu kinachoniambia nifanyeje. Umeshamwamkia mtu shikamoo mlangoni, dakika kumi baadaye unamwambia umekosea, tena mbele za watu, tena wewe binti. Kwetu huku mdogo kumwambia mkubwa umekosea ni utovu wa adabu hata kama amekosea kweli, kuna namna ya kuzunguka, unaanza na samahani, unapitia pembeni. Wenzangu wengine wanasema darasani hakuna mkubwa na mdogo, mimi ndo mwalimu basi. Inaandikika ila haiishi, yule baba anajibu ndiyo mwalimu, anafuta, kesho kutwa hayupo. Mimi nazunguka. Nasema "hapa tulifikaje baba, hebu nipitishe tena", naye akiwa ananipitisha njiani analikuta kosa mwenyewe, anasema ala, hii alama. Inachukua muda mara mbili, najua, silabasi inanikimbiza, lakini yule anarudi kesho. Na kitu kingine nimekipenda, kuwakalisha wa rika moja pamoja, wakina mama wakubwa wana namna yao ya kukosoana ambayo mimi siwezi kuiiga, "shoga umeandika nini hapo, hebu futa kabla mwalimu hajapita", na hakuna aliyeumia.

Hapa lazima nimtaje bibi yangu mzaa mama maana yeye alijifunza kusoma akiwa tayari na watoto, enzi za Mwalimu. Nyerere alitangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na baada ya hapo zikafuata kampeni za redio, Mtu ni Afya ya 1973 ambapo watu zaidi ya milioni moja walikaa kwenye vikundi wanasikiliza redio, wanajadili, alafu wanatoka kwenda kuchimba vyoo, na 1975 Chakula ni Uhai, mwaka huo huo ikaundwa kwa sheria Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Sensa ya 1967 ilikuta watu wazima karibu saba kati ya kumi hawajui kusoma na kuandika, takwimu za serikali za 1986 zikasema wamebaki kama mmoja kati ya kumi. Unaweza kubishana na hiyo ya pili, kuna waliojua kuandika jina tu wakahesabiwa. Ila kitu ambacho bibi alikuwa anakisimulia kwa kucheka mpaka machozi ni balozi wao wa nyumba kumi, mtu mkali kweli kweli, naye yuko pale chini ya mwembe na kibao chake anakosea ba be bi kama wao. Kijiji kizima kilikuwa mwanafunzi. Nani atamcheka nani? Watazamaji hawakuwepo, wote walikuwa wachezaji. Mimi nikifikiria kwa nini ule mpango ulifika pale ulipofika, watu watasema siasa, watasema amri za serikali, na zilikuwepo, lakini hilo la balozi nalo lihesabiwe. Leo mtu mzima anayesoma yuko peke yake mtaani, anavizia njia, na kila anayemwona na daftari ana swali la kumuuliza.

Na wengine hata nyumbani hawajasema. Nina dada mmoja daftari lake linakaa kwenye kapu chini ya mchicha, mume anajua jioni anaenda sokoni kuchukua mboga za jioni maana zinashuka bei. Huwezi kumwambia mtu kama huyo atulie asome, nusu ya masikio yake yako kwenye saa na nusu kwenye simu, ikitetemeka tu anaruka. Kwake nimeacha kumpa kazi ya nyumbani, anafika robo saa mapema tunafanya hapo hapo. Mwingine mama binti yake yuko form two na yeye ndo anajiandaa na maarifa, wanasoma kitabu kimoja, nilidhani ni neema kumbe vita, mtoto anamwelekeza mama kwa sauti ile ile mama anayomwelekezea yeye kuosha vyombo, "mama si nimeshakwambia!" Wakanunishana wiki nzima. Waliyamaliza wenyewe kwa kugawana, mtoto anamfundisha mama fizikia, mama anamfundisha mtoto Kiswahili, wote wana kiti cha mwalimu.

Msiba sina cha kusema sana. Fundi wetu umeme alifiwa na mama yake akarudi darasani baada ya matanga, akakaa, anaandika kila kitu na hakuna kinachoingia, leo umemfundisha kesho hakijui. Nilimpa daftari la mahudhurio awe anaita majina na kugawa karatasi. Ya hesabu yakaja yenyewe baadaye.

Sasa nisije nikaonekana nasema hisia ni adui tu. Hapana. Hasira imeshawavusha wengi. Dada wa salon ninayemsema alikuja kwa sababu wifi yake alisema kwenye sherehe, mbele za watu, kaka yangu kaoa la saba. Alisoma kama mtu aliyeingiwa, hakosi siku, anauliza mpaka unachoka, mtihani wa maarifa akaupita bila jasho. Alafu akapoa. Wifi mwenyewe alipata matatizo yake ya ndoa akaja kulia kwake, wakapatana, na ile hasira ikaisha na kitabu kikaisha nacho, akawa anakuja leo anaruka kesho. Hasira inakuvusha mto mmoja, wa pili haipo. Kilichomrudisha sikukipanga, ilikuwa mwalimu wa kemia hayupo nikashika kipindi cha asidi na besi, nikasema besi kali inaunguza ngozi na inalainisha nywele, dawa ya kulainisha nywele ni besi kali. Akanyanyua kichwa. "Relaksa?" Relaksa. Akauliza kwa hiyo ile shampuu ya mwisho tunayooshea ili dawa iache kufanya kazi, ile ni asidi? Nikamwambia ndiyo, ina asidi kidogo, inaitwa kutenguana, asidi na besi zinakutana zinatoa chumvi na maji. Alikaa pale mdomo wazi, miaka yote anaosha vichwa vya watu anajua ukikosea dakika mteja anaungua, anajua usimkune kichwa kabla, anajua mafuta ya kulinda ngozi yanapakwa wapi, alikuwa anafanya kemia kila siku na hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Kesho yake alikuja na makopo matatu kwenye mfuko na karatasi za litmas, zile zinazobadilika rangi zikikutana na asidi au besi, akaniomba tupime. Tukapima, darasa zima limesimama kumzunguka, bluu, bluu iliyokolea, nyekundu ya mbali. Yeye ndo alikuwa anaelezea. Baada ya siku hiyo sikuwahi kumkumbusha kuja.

Ndo maana siwapendi hawa watu wa hamasa wanaokaribishwa vituoni mwezi wa kwanza, unaweza! amini! sema mimi ni mshindi! Wanafunzi wangu wanapiga makofi kwa adabu zao, alafu mtu akienda kwenye swali la kwanza akakwama sasa ana mzigo wa pili, siyo tu hajui, hata kuamini hajaamini vya kutosha. Lete makopo ya relaksa, lete daftari la kikoba, mtu aone kitu anachokijua kimekaa kwenye kitabu, furaha ile haihitaji kipaza sauti.

Mtihani ni habari nyingine. Novemba wanaenda kukaa chumba kimoja na wasiowajua, msimamizi mwenyewe kijana, anakagua vitambulisho, na wengi ukiacha ule wa maarifa, mara ya mwisho kukaa chumba cha mtihani ni darasa la saba. Wiki za mwisho tunafanya majaribio kama yale yale, viti mbali mbali, saa ukutani, kimya, na kabla ya karatasi kufunguliwa nawapa dakika kumi waandike wanachoogopa, kila mtu kwenye karatasi yake, alafu wanachana wenyewe wanatupa. Nilitoa kwa Ramirez na Beilock, watafiti wa Marekani, waliandika 2011 kwamba wanafunzi wenye wasiwasi wakifanya hivyo wanafanya vizuri zaidi. Mwaka 2018 timu nyingine ilirudia tafiti kadhaa ikiwemo hiyo na haikupata matokeo yale, kwa hiyo siwezi kukuapia kwamba inaongeza maksi. Nimebaki nayo kwa sababu nyingine kabisa, zile dakika kumi ndo mara pekee baadhi yao wamewahi kuyasema, hata kama ni kwa kalamu. Mmoja hakuchana, alinipa nisome. Ameandika mstari mmoja, naogopa mwanangu atajua nimepata F kabla yangu.

Na kweli anaweza kujua. Matokeo ya NECTA, baraza la mitihani la taifa, yanawekwa mtandaoni wazi, namba ya mtahiniwa, jinsia, pointi, divisheni na kila somo na gredi yake, majina hayapo. Ukiijua namba ya mtu umemjua. Basi wanafunzi wangu namba zao wanazificha kweli kweli, yule mzee mlinzi yake alikuwa ameiandika kwa kalamu ndani ya kofia yake ya lindo, mke hajui, mwenzake wa dawati hajui, mimi mwenyewe aliniziba kwa kiganja nilipokuwa nahakiki orodha mpaka nikamwambia baba mimi ndo nimekusajili. Kuna mwaka mtu mmoja wa kundi letu la WhatsApp aliziposti namba za watu wote ili "tuombeane", nia yake safi kabisa, wawili walijitoa kwenye kundi usiku ule ule. Sasa sheria ya kundi letu Januari ni moja, hakuna kuuliza. Mwenye lake ataleta.

Yule mama wa kikoba alileta. Alipata D ya hesabu. Kwa asiyejua D ni kuanzia maksi 30, na hesabu ndo somo linaloua watu nchi nzima, mwaka 2021 na 2022 waliolifaulu form four walikuwa kama mmoja tu kati ya watano, na hao ni watu waliokaa darasani kutwa nzima miaka minne bila kukanda chapati saa kumi alfajiri. Alinipigia simu hakusema shikamoo wala habari, alisema "mwalimu lile la shule limekubali".

Nina rafiki yangu anafundisha kituo kingine, tumesoma chuo kimoja, mwalimu mzuri na anajituma. Yeye kila mwisho wa mwezi anasoma maksi kwa sauti kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, anasema aibu ndo inawaamsha, mtu mzima bila kuguswa hasogei. Na matokeo yake ni mazuri kuliko yangu ukiangalia asilimia ya waliofaulu, hilo sibishi. Nilimwambia tuweke madaftari ya mahudhurio mezani tuhesabu kuanzia jina la kwanza la Januari siyo kuanzia waliobaki Novemba. Tulihesabu, tukiwa tumekaa kwa muuza kahawa, kurasa zake za mwanzo zimejaa majina yaliyopigwa mstari. Yeye anasema waliokimbia hawakuwa siriasi. Nikamuuliza yule mama wa asilimia 10 angekuwa kwako angemaliza wiki? Akafikiri akasema hapana, asingemaliza. Alafu akasema lakini wangu waliobaki wana C. Hapo ndo tulipofika mimi na yeye mpaka sasa, na tumekubaliana Januari abadilishane na mimi mada moja, aje kwangu afundishe asilimia bila kumwita mtu ubaoni, mimi niende kwake na karatasi zangu zisizo na majina, tuone nani atapata shida zaidi.